Nchi Iliyopunguza Mwendo

Bi Sikudhani Mpelumbe alifikaje Mserereko? Kila akiulizwa hujibu vingine, na siku akiwa hana hamu ya maneno husema alikwenda kwa miguu akarudi kwa miguu, basi. Tumwachie hilo. Sisi tumshike pale alipokwisha kufika, kikapu mkononi, miwani puani, na ule ulimi wa mtu aliyefundisha hisabati maisha yake yote, ambao kustaafu hakukuupunguzia makali hata kidogo.

Mserereko ni nchi ya kupendeza. Iko juu ya mteremko mrefu, na ardhi yake nzima, pamoja na nyumba, migomba, mbuzi na serikali, huteleza polepole juu ya mwamba, kama uji kwenye sahani iliyoinamishwa. Chini kabisa mwamba unakatika ghafla, na hapo pana korongo ambalo ukitupa jiwe husikii likitua. Jambo hilo halifichwi. Watoto wanaliimba shuleni, na wakubwa wanalitaja katika salamu. Mtu hukuuliza, "Mwendo?" nawe unajibu, "Unapungua." Ukijibu vingine watu hukusogelea kukupima homa.

Upande wa korongo wanauita mbele, na sheria yao ya kwanza ni kwamba raia hageuzii mbele kisogo. Anayetaka kupanda sokoni, ambako ni juu, huenda kinyumenyume, uso ukitazama korongo. Siku ya kwanza Bi Sikudhani aliwaona akina mama wenye matenga ya nyanya kichwani wakipanda mlima kwa visigino, akadhani ni mchezo wa harusi. Akaanza kupanda zake kama alivyozoea. Askari akapuliza filimbi.

"Mama, unaligeuzia taifa mgongo!"

"Naligeuzia mgongo korongo, baba. Taifa liko huku ninakokwenda."

Askari alifikiri kidogo, akaona jambo lenyewe limemzidi cheo, akamwachia kwa onyo.

Serikali ya Mserereko ina idara mbili kubwa. Idara ya Mwendo hutangaza kila mwisho wa wiki ardhi inateleza hatua ngapi kwa wiki. Idara ya Mchapuko hutangaza mwendo huo wenyewe unaongezeka au unapungua kwa kiasi gani. Ya kwanza inaongozwa na Mheshimiwa Kapalata, mtu mnene mwenye sauti tamu. Ya pili inaongozwa na Mheshimiwa Bi Ndelwa, mwembamba, ambaye hakubaliani na Kapalata hata kuhusu rangi ya maziwa. Palikuwa na idara ya tatu, ya Mahali, iliyokuwa ikisema nchi imefika wapi. Ilifungwa kwa kuwa kila taarifa yake ilikuwa ikiwavunja watu moyo, na jengo lake sasa hutunziwa viti vya sherehe.

Viti hivyo vilitengenezwa na fundi seremala aitwaye Luvanga, na kwa kazi hiyo taifa lilimpa heshima isiyo na mfano: nyumba katika Safu ya Mbele, ile safu ya mwisho kabisa kuelekea korongo. Pamoja na nyumba alipewa kofia ya njano, ambayo aliivaa hata akila. Safu zilizokuwa mbele ya hiyo zamani hazitajwi. Si kwamba imekatazwa, ila haipendezi kuzitaja mbele ya wageni.

Nyumbani kwa Luvanga ndiko Bi Sikudhani alikofikia. Mkewe, Nyamizi, alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limemtangulia, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka lijibiwe. Bi Sikudhani alimpenda papo hapo. Katika miaka yote ya ualimu alipata wanafunzi wa namna hiyo wachache mno, na wengi wao walifukuzwa kwa utovu wa nidhamu.

Wiki ile mbiu ililia kwa furaha. Mwendo ulikuwa hatua kumi na mbili kwa wiki, na mchapuko ulikuwa hasi: kila wiki mwendo unapungua hatua mbili. Watu walitoka na ngoma. Luvanga alirudi nyumbani akinukia jasho la kucheza.

"Mama Mwalimu, umetuletea bahati! Mchapuko hasi! Tunarudi nyuma!"

"Haturudi nyuma," akasema Bi Sikudhani.

"Hasi si ni kurudi?"

"Mwendo ungekuwa hasi, hapo mngekuwa mnarudi. Mchapuko ndio hasi. Maana yake bado mnakwenda korongoni, ila kwa haraka iliyopungua."

Luvanga alicheka vizuri tu, kwa adabu, kama mtu anayemsamehe mgeni ambaye hajazoea maji ya mahali. Akaenda kuoga. Nyamizi hakucheka. Alikaa akimenya mihogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo tutasimama tukiwa tumeshafika wapi?" Akanyamaza akisubiri.

Bi Sikudhani alichukua kipande cha mkaa jikoni na kwenda kwenye ukuta mweupe wa uani. Ulikuwa muda mrefu tangu mtu amwombe hesabu kwa hiari yake.

"Tazama, mwanangu. Huku chini naandika wiki, moja baada ya nyingine. Huku juu naandika mwendo. Leo ni kumi na mbili, wiki ijayo kumi, halafu nane, mpaka wiki ya sita tunafika sifuri. Naunganisha. Unaona mstari unavyoteremka? Ule ukali wa mteremko wake ndio mchapuko wa Bi Ndelwa. Na kimo chake kutoka chini, kila mahali, ndio mwendo wa Kapalata. Wanapigana kila siku, na kumbe wote wawili wanakaa kwenye mstari mmoja."

"Na mahali tutakapofika pako wapi?"

"Pamejificha hapa chini ya mstari." Akaipaka mkaa ile nafasi yote. "Chukua kipande chembamba cha muda. Mwendo wa wakati ule, mara ule muda mfupi, unakupa hatua chache tulizoteleza. Chukua kipande kinachofuata, na kinachofuata, uvijumlishe vyote. Ndiyo eneo lote hili jeusi. Hapa tuna bahati, ni pembetatu. Nusu ya sita mara kumi na mbili."

"Thelathini na sita," akasema Nyamizi kabla hajamaliza.

"Hatua thelathini na sita mpaka kusimama. Ila hesabu hii peke yake haisemi kama tutapona. Inasema tutasogea kiasi gani. Haijui tunaanzia wapi, na hilo ukuta hauwezi kutuambia. Ni lazima twende tukapime."

Wakafungua kamba ya kuanikia nguo. Nyamizi alishika ncha moja kwenye ukuta wa mbele wa nyumba, na Bi Sikudhani akateremka na nyingine mpaka ukingo wa korongo, roho mkononi, akijilaumu kwa kuvaa kandambili. Yule askari wa filimbi alipita akauliza wanafanya nini.

"Tunaanika nguo," akasema Nyamizi.

"Ziko wapi?"

"Bado hazijafuliwa."

Askari akaridhika. Nao wakaipima ile kamba kwa hatua, taratibu, wakarudia kwa hofu ya kukosea. Kutoka ukutani hadi korongoni zilikuwa hatua thelathini na mbili.

Nyamizi aliingia ndani, akatembea hatua nne kutoka ukuta wa mbele. Akajikuta chumbani, kitanda chao kikiwa kimekatwa katikati na ncha ya kidole chake cha mguu. Nchi ingesimama, ndiyo, kwa utulivu kabisa. Ukumbi wote na nusu ya kitanda vingekuwa hewani. Alikaa kwenye ile nusu nyingine akalia, si kwa sauti, na Bi Sikudhani akakaa tu kando yake, maana hana ujuzi wa kubembeleza na anajua hana.

Luvanga alipoambiwa alikasirika. Hakukasirikia hesabu. Alikasirikia aibu. "Nihame Safu ya Mbele? Watu watasema nimeshushwa. Nimepewa na taifa mimi, Nyamizi. Unadhani taifa lingenipa nyumba ya kuangukia?" Akaivaa kofia yake ya njano, ambayo ilikuwa tayari kichwani, yaani aliikandamiza zaidi.

Ikabidi jambo lipelekwe barazani. Baraza la Mserereko hukutana juu kabisa ya nchi, nyuma ya safu zote, mahali palipo mbali na korongo kuliko pengine popote. Bi Sikudhani aliuliza kwa nini viongozi hawakai mbele kwenye heshima. Akajibiwa kwamba viongozi wao ni wanyenyekevu.

Alieleza hesabu yake kwa chaki. Waheshimiwa walisikiliza kwa makini kuliko alivyotarajia, na kilichofuata ni mjadala anaousimulia hadi leo huku akishika kiuno.

Kapalata alisimama kwanza. "Nampongeza mgeni wetu. Njia ya kujumlisha ni nzuri na idara yangu imeipokea. Wataalamu wangu wamechukua mwendo wa mwisho wa kila wiki: kumi, nane, sita, nne, mbili, sifuri. Jumla thelathini. Kutoka nyumba ya ndugu Luvanga ni thelathini na mbili. Kwa hiyo atabakiwa na ua wa hatua mbili, wa kutosha kabisa kupanda mchicha!"

Makofi.

Bi Ndelwa naye akasimama. "Mheshimiwa anachukua mwendo wa mwisho wa wiki kwa kuwa ndio mdogo. Wiki inapoanza ardhi inakuwa na mwendo gani? Kumi na mbili, kumi, nane, sita, nne, mbili. Jumla arobaini na mbili! Safu ya Mbele inakwenda, na majiko ya Safu ya Pili yanakwenda nayo!"

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi, nusu ikazomea.

"Wote wawili mmekosea," akasema Bi Sikudhani. "Mheshimiwa Kapalata anafanya kana kwamba wiki nzima ardhi ilikwenda kwa ule mwendo wa mwisho. Mheshimiwa Ndelwa anafanya kana kwamba haikupunguza mpaka wiki ilipokwisha. Mwendo haungoji mwisho wa wiki ndipo upungue, unapungua kila kitambo. Gawanyeni wiki kuwa siku. Hesabu ya Mheshimiwa itapanda, ya Bi Ndelwa itashuka. Gawanyeni siku kuwa saa, zitakaribiana zaidi. Endeleeni kukata vipande vyembamba, na vyembamba zaidi, zitakutana kwenye thelathini na sita."

Ndipo mjumbe mmoja wa viti vya nyuma, aliyekuwa akisinzia, akanyoosha mkono. "Mimi napendekeza tusigombane. Mmoja anasema thelathini, mwingine arobaini na mbili. Tugawane tofauti, iwe thelathini na sita, twende tukale."

Mtu yule alikuwa amelipata jibu kamili bila kuielewa hata herufi moja ya hesabu yenyewe, na kwa mwalimu hakuna kinachouma kama hicho. Hata hivyo angeipokea kura hiyo kwa mikono miwili. Lakini thelathini na sita haikuwa ya Idara ya Mwendo wala ya Idara ya Mchapuko, na hoja isiyo na idara Mserereko haina mtu wa kuisaini. Ikaanguka.

Walichopitisha kwa kauli moja ni kwamba nchi itasimama. Hilo liliwapendeza wote. Tena Kapalata akaongeza, kwa sauti yake tamu, kwamba ukichukua raia wote kwa wastani, kila mmoja atabaki mbali sana na korongo, hivyo hakuna sababu ya mtu kuhama. Na siku ya kusimama sherehe ya taifa itafanyika papo hapo Safu ya Mbele, mbele ya nyumba ya ndugu Luvanga. Luvanga alisimama akainama kupokea makofi, kofia ikiwaka kichwani.

Nyamizi naye akasimama. Sheria haikatazi mwanamke mjamzito kusema barazani. Hakuna tu aliyewahi kufikiri angetaka.

"Nawashukuru waheshimiwa," akasema. "Mimi na mume wangu tumeishi kwenye heshima ile muda mrefu, tumeshiba. Kuna wakubwa zetu waliolitumikia taifa kutushinda, na bado wanakaa huku nyuma kwa unyenyekevu. Naona haya. Mheshimiwa Kapalata, nakuachia nyumba yangu. Hamia leo, na watoto, na mama mzazi. Kitanda kipo. Huo ua wa mchicha ni wako."

Baraza zima lilimgeukia Kapalata. Yeye alitabasamu. Akaendelea kutabasamu mpaka tabasamu likaanza kumchosha mashavu.

"Dada yangu, zawadi kubwa hiyo. Ila majukumu ya kitaifa yananibana sana huku juu."

"Basi mama mzazi peke yake."

"Mama... mama ana miguu."

"Tutambeba."

"Hapana, nasema miguu inamsumbua, na baridi ya korongo..." Akafuta jasho. "Labda Bi Ndelwa?"

Bi Ndelwa alikuwa tayari anatafuta kitu muhimu chini ya kiti chake.

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Mwingine akamfuata, na muda si muda ukumbi wote ulikuwa unavunjika mbavu, wakiwemo wajumbe wa idara zote mbili. Watu wa Safu ya Mbele peke yao hawakucheka. Walitazamana. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, haraka, kila mtu akikumbuka godoro lake, mtungi wake na kuku wake.

Luvanga alibaki amesimama. Bi Sikudhani alimwona akivua ile kofia na kuiangalia ndani na nje, kama anayetafuta mahali iliposhonwa vibaya, na alimwonea huruma kweli. Kudanganywa kunauma. Lakini kugundua kwamba ulidanganywa kwa sababu ulipenda kusifiwa kunauma zaidi, na mtu yule alikuwa anaumwa na vyote viwili mbele za watu. Alipofika nyumbani alichukua nyundo, akaanza na mlango.

Siku zilizofuata nchi ilikuwa na kioja cha kutazamwa. Safu ya Mbele nzima ilipanda mlima kinyumenyume, nyuso zikitazama korongo, wakiwa wamebeba milango, mabati, vitanda na vinu. Askari aliwakagua wote na hakukuta kosa. Nyumba ya Nyamizi ilianza kujengwa upya katikati ya nchi, kwenye kiwanja kilichokuwa na ukoka na mbuzi. Mtoto alizaliwa kabla ya kuta kufika madirishani, msichana, mwenye sauti ya mpiga mbiu.

Wiki ya sita, ardhi ilisimama.

Ilisimama bila kelele. Kuta tupu za Safu ya Mbele zilikuwa zimeshakwenda katika siku zilizotangulia, moja moja. Kwa nyumba ya Luvanga ulikwenda ukumbi, kisha nusu ya chumba, na mpasuko ukaishia pale palipokuwa katikati ya kitanda. Bi Sikudhani, ambaye maisha yake yote alisahihisha majibu ya watu wengine, alitazama jibu lake mwenyewe na hakupata furaha yoyote. Akakaa chini.

Mbiu ikalia. "Mwendo ni sifuri! Mwendo ni sifuri!" Nchi nzima ilimiminika kuelekea korongoni na ngoma zao. Sasa Kapalata na Bi Ndelwa nao walikuja mbele, wamekumbatiana, wakaketi kwenye viti vya Luvanga hatua chache kutoka ukingoni. Watu wakaanza kucheza. Wakati huo huo, juu kabisa ya mteremko, mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na maji membamba yalikuwa yakipenya chini ya ukoka hadi kwenye mwamba.

Nyamizi alikuwa amesimama kwenye nyumba yake isiyo na paa, mtoto mgongoni. Hakwenda ngomani. Alitazama yale maji yakipita karibu na miguu yake, akauliza, "Mwalimu, mwendo ni sifuri, nimesikia. Na mchapuko je?"

Bi Sikudhani aliufurahia ule ubongo hata machozi yakamlenga, na papo hapo akaogopa. Jiwe ukilirusha juu nalo husimama huko hewani, kitambo cha kupepesa jicho, kabla ya kuanza kurudi. Sifuri ya sasa haiahidi chochote kuhusu kitambo kinachofuata.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Sijapima."

Luvanga alikuwa juu ya ukuta, misumari mdomoni, akipima mahali pa kuweka boriti ya kwanza. Alizitazama ngoma kule chini, akayatazama maji. Akaitema misumari mkononi, akashuka.

"Bado sijapaua," akasema. "Nyie pimeni, mniambie nyumba niihamishie wapi."